Almasi yenye kuwaka buluu chini ya taa: tununue ao tuache?

Mwezi wa 7 mwaka 2024, gavana wa Sud-Kivu alisimamisha kazi za machimbo mu jimbo. Hata pale kazi ilianza kurudia, mfuko wa mchimbaji haukurudi vile ulikuwa. Tunajua wote vile maisha yamekuwa ku Kamituga, ku Shabunda, ku Misisi na ku Nyabibwe: PDG wa shimo anasema ngoja, négociant anasema ngoja, na mama twangaise anarudi nyumbani mikono mitupu. Wakati dhahabu na kasiterite zinakwama, biashara ingine inaingia mu pengo. Mu Bukavu unaweza kuonyeshwa kijiwe kidogo ndani ya karatasi, mwenyewe anasema ni almasi, imetoka Kisangani, Bafwasende ao Kasai. Anataka dola haraka. Anatoa taa ndogo ya kuangalia makuta ya bandia, anaimulikia, na jiwe linawaka buluu.

Hapo njo masolo inaanza. Mwenye kuuzisha anasema: «Unaona? Inawaka, njo almasi ya kweli.» Kesho yake, ukilipeleka kwa mwenye kununua, yeye naye anatoa taa ileile, jiwe linawaka vilevile, na anasema: «Inawaka sana, haina bei, nitakupa nusu.» Jiwe ni moja, taa ni moja, lakini asubuhi mwanga ni sifa na mangaribi mwanga ni kosa. Wandugu na jamaa zao wanatuuliza ku sendika: tununue ao tuache?

Nitatoa jibu mapema, kisha nieleze sababu. Ule mwanga wa buluu hauonyeshi kama jiwe ni la kweli, na hauonyeshi kama jiwe ni bovu. Unaonyesha tu kama jiwe linawaka. Yote mengine ni mabishano ya bei, na mu mabishano ya bei mwenye kushika chombo njo anashindaka.

Mwanga unatoka wapi

Almasi ni kaboni, ndugu ya makala tunayopikia, lakini yenyewe ilifinywa chini sana ya ardhi kwa joto kali. Wakati inajitengeneza, inaingiaka ndani yake kitu kidogo cha nitrojeni, ileile yenye inajaa mu hewa tunapumua. Pale chembe tatu za nitrojeni zinazunguka nafasi moja tupu ndani ya jiwe, mahali pale panapokea mionzi yenye jicho la mtu halioni, ile wanaita ultraviolete, na panarudisha mwanga wenye jicho linaona. Mara nyingi mwanga ule ni wa buluu. Ukizima taa, unaisha. Si sumu, na si ile radioaktivite yenye wanapimaka mu koltan. Jiwe haliharibiki, na aliyelivaa haguswi na kitu.

Maabara ya Marekani inayoitwa GIA, yenye wafanyabiashara wa dunia nzima wanafuata alama zake, inapanga mwanga huo kwa ngazi tano: hakuna, hafifu, wa kati, mkali, mkali sana. Mu hesabu yake ya mawe zaidi ya 26 000, karibu asilimia 35 ziliwaka kwa kadiri fulani. Ku zile zenye ziliwaka, karibu zote mwanga wake ulikuwa wa buluu. Zilizobaki zilikuwa na rangi kama njano ao machungwa.

Tufanye hesabu sawa vile tunafanyaka ku shimo. Ukiwa na almasi 100 za kweli, 35 hivi zitawaka na 65 hazitawaka. Basi mtu mwenye anasema «haiwaki, si almasi» anadanganya, ao yeye mwenyewe hajui. Na mwenye anasema «inawaka, njo almasi» naye hana uhakika. Shati jeupe lililofuliwa na Omo linawaka buluu chini ya taa ile. Karatasi nyeupe inawaka. Chupa zingine zinawaka. Kuna mawe mengine ya bei ndogo yenye yanawaka vizuri kupita almasi yenyewe.

Zamani ilikuwa sifa

Wazee wa biashara hii hawakuogopa mwanga wa buluu. Ku Afrika Kusini kulikuwa chimbo la Jagersfontein, lilifunguliwa karne ya 19, na lilijulikana kwa mawe meupe yenye kurudisha buluu ku jua. Jina la chimbo lile likageuka jina la rangi: wafanyabiashara wakisema «Jager», walimaanisha jiwe zuri sana, na waliongeza bei. Mtu alikuwa analipa zaidi kwa ajili ya kile kitu chenye leo wanatumia kukushusha.

Nini iligeuka? Jiwe halikugeuka. Watu wengi walianza kuita kila jiwe «nyeupe-buluu» ili waliuzishe, hata mawe ya njano, na jina likapoteza heshima. Kisha ikaja desturi ya kuandika kila kitu ku sertifika, na ule mwanga ukapata mstari wake. Kitu kikiandikwa ku karatasi, mnunuzi anakitumia kuomba punguzo.

Kuna hofu moja yenye msingi, tusiifiche. Almasi zingine zenye mwanga mkali sana zinaonekana na ukungu, sawa vile maji yenye umemwagia maziwa kidogo. Jiwe la namna ile linapoteza uhai, na bei yake inapaswa kushuka. Lakini GIA yenyewe inasema ku mawe yenye kuwaka yaliyopita mikononi mwake, yenye ukungu ule hayafiki asilimia 0,2. Ni chini ya mawe 2 ku mawe 1 000. Mwaka 1997 maabara ile ilichapisha uchunguzi: iliweka mawe mbele ya watu wa kazi na mbele ya watu wa kawaida. Watu wa kawaida hawakuona tofauti. Wale wa kazi, wakiangalia jiwe kutoka juu, mara nyingi waliona mawe yenye buluu kali yanakuwa meupe zaidi.

Sababu yake ni rahisi. Buluu inapigana na njano. Mama anayeweka buluu mu maji ya kusuuza nguo nyeupe anajua maneno haya bila kwenda ku maabara.

Bei: nani anakatwa, na kiasi gani

Hapa njo kwenye watu wetu wanaibiwa, basi twende polepole. Ku soko la almasi zilizokatwa na kusuguliwa, rangi inapangwa kwa herufi, kuanzia D, nyeupe kabisa, kushuka mpaka Z, yenye njano ao kahawia. Ku mawe ya juu kabisa, D, E na F, mwanga mkali wa buluu unashusha bei kweli: asilimia 10, 15, mara ingine kupita. Mnunuzi wa jiwe safi hataki kitu chochote cha kuulizwa. Lakini ukishuka ku mawe yenye njano kidogo, I, J, K na kuendelea, punguzo linakuwa dogo, mara ingine halipo, na kuna wafanyabiashara wenye wanaongeza kitu kidogo juu jiwe linaonekana jeupe.

Tuseme jiwe moja la rangi ya juu lina bei ya dola 1 000. Asilimia 15 ni dola 150, linabaki 850. Mtu akikupa 500 na kusema ni kwa sababu ya mwanga, ujue dola 150 ni za mwanga na dola 350 ni za ujinga wetu. Na kama jiwe ni la njano, hata zile 150 hazina msingi.

Tusichanganye pia karati mbili. Mchimbaji wa dhahabu wa Kamituga akisikia karati, anafikiri usafi: dhahabu ya karati 24 ni safi. Ku almasi karati ni uzito: karati 5 ni gramu 1. Mtu anaweza kukuambia «hii ni ya karati 18», ukafikiri ni usafi, kumbe anasema uzito, ao hajui anachosema.

Kuna kitu kingine kwenye soko la leo. Almasi za kutengenezwa mu mashini zimejaa, na kwa macho haziachani na zile za ardhi. De Beers, kampuni yenye ilitawala almasi karne nzima, ilianza mwaka 2018 kuuzisha za mashini kwa dola 800 ku karati moja, na kutoka pale bei za namna ile zimeendelea kuanguka. Zile za ardhi nazo zimevutwa chini. Mwezi wa 5 mwaka 2024, Anglo American ilitangaza inataka kuachana na De Beers. Kama wakubwa wenyewe wanatafuta mlango wa kutokea, mama wa Kadutu asiweke makuta ya shule ya watoto mu kijiwe akifikiri bei itapanda tu.

Jiwe letu la Congo

Almasi ya kwanza ya Kasai ilionekana mwaka 1907, upande wa Tshikapa. Kisha likakuja Bakwanga, leo Mbuji-Mayi, na kampuni ya MIBA. Tangu sheria ya mwaka 1982 iruhusu watu wadogo kuchimba almasi na dhahabu, mzigo mkubwa unatoka mikononi mwa wachimbaji wa nyundo na beleshi. Mu mwaka 2022 inchi yetu ilitoa karibu milioni 10 za karati. Bei ya wastani yenye iliandikwa ku vitabu vya Kimberley ilikuwa chini ya dola 10 ku karati moja. Botswana mwaka uleule ilikuwa juu ya dola 100.

Kwa nini tofauti kubwa hivi? Sababu moja ni namna ya mawe: sehemu kubwa ya almasi ya Congo, zaidi ya Mbuji-Mayi, ni ya viwanda. Inasagwa, inawekwa ku misumeno na ku vichwa vya mashini za kutoboa ardhi. Msumeno hauulizi jiwe kama linawaka. Kwa hiyo négociant mwenye anamulikia jiwe la viwanda na kushusha bei juu linawaka, anatumia kosa lisilokuwepo. Sababu ya pili ni kwamba bei inasemwa na mtu mmoja tu kati ya wawili wenye wanazungumza. Ile ya pili hatuisikiaka sana mu mikutano ya wakubwa.

Tena machimbo makubwa ya dunia yanapenda almasi iwake. Wanapitisha changarawe mbele ya mionzi X, almasi inatoa mwanga, mashini inauona na kupuliza jiwe pembeni kwa upepo. Mionzi ile si ileile ya taa ya mkononi, lakini inatumia tabia ya jiwe iliyo ndugu na hii. Kwa kampuni, kuwaka kunasaidia kuokota.

Ukitaka kuangalia jiwe, angalia hivi

Taa nyingi zenye zinazunguka mu mji ni za kuangalia noti za dola. Zinatoa rangi ya urujuani yenye jicho linaona, na ile rangi inarudi juu ya jiwe kama ku kioo. Watu wanafikiri jiwe linawaka, kumbe ni taa yenyewe wanaona. Taa ya maabara inatoa mionzi ya nanometa 365 na karibu haionekani. Ukiwa na taa ya dola, ingia mahali pa giza, weka jiwe juu ya kitambaa cheusi, usiweke juu ya karatasi nyeupe, na kumbuka umeona nusu tu ya ukweli.

Kisha angalia jiwe mara mbili: mara moja inje ku jua, mara moja ndani chini ya balbu usiku. Jua lina ultraviolete, na Bukavu tuko juu, karibu metre 1 500. Jiwe lenye mwanga mkali linaweza kuonekana jeupe saa sita ya mchana na kuonekana njano saa mbili ya usiku. Mwenye kuuzisha mjanja anakuita saa sita. Mwenye kununua mjanja anakuita mangaribi. Wewe dai zote mbili. Ukiona ukungu ku jua, bei ishuke, ni haki. Usipoona ukungu, mwanga usitajwe tena.

Tatu, uliza kwanza uzito, umbo, nyufa, madoa na rangi. Ku jiwe ghafi vitu hivi vitano vinabeba bei. Mwanga unakuja nyuma kabisa. Mtu mwenye anaanza na taa kabla ya mizani, jiulize sababu gani.

Ku pete ya ndoa yenye imekatwa tayari, kama ndugu wa Ulaya ao Dubai anakuulizia, jibu letu ni: anunue, kama jiwe ni safi ku jua na ku balbu, na kama bei imeshuka kwa sababu ya ule mwanga. Atapata jiwe zuri kwa makuta kidogo. Ila siku atataka kuliuzisha, yeye pia atapewa punguzo lile. Na aombe karatasi ya maabara, juu taa peke yake haitenganishi ya ardhi na ya mashini.

Kabla ya taa, kuna kadi

Kwa jiwe ghafi, ulizo la kwanza si kama linawaka. Ni kama una haki ya kulishika. Sheria ya madini ya mwaka 2002, yenye iligeuzwa mwezi wa 3 mwaka 2018, inasema mchimbaji awe na kadi na awe ndani ya kooperative. Anauzisha kwa négociant mwenye kadi, ku soko ao comptoir yenye iliruhusiwa, ao kwa kiwanda cha kusafisha. Baba wa nyumba, mwalimu, mama wa soko, hawamo. Wakikukuta na jiwe ghafi bila karatasi, watalichukua, na utashitakiwa, hata kama ulilipa makuta yako ya jasho.

Tena jiwe ghafi haliwezi kuvuka mpaka kwa haki bila sertifika ya Kimberley, yenye inchi yetu inatoa kupitia CEEC. Mpango ule ulianza kazi mwaka 2003, kisha vita zenye almasi zililisha mu Afrika. Sisi tunakumbuka Kisangani, mwezi wa 6 mwaka 2000, siku sita za mabomu kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda, na almasi ilikuwa moja ya mafupa waliyogombania. Ila tuelewe sertifika ile inasema nini: jiwe limetoka wapi, na halikulipa waasi. Haisemi bei, haisemi rangi, haisemi kama mchimbaji alilipwa vizuri.

Basi kwa familia yenye haina kadi, jibu ni moja: usinunue jiwe ghafi, liwake lisiwake. Kama una akiba kidogo, mbuzi ya Walungu inazaa. Kijiwe ndani ya karatasi hakizai.

Nani anashika taa

Mtu wa Sud-Kivu anaweza kusema: almasi ni maneno ya Wakasai na watu wa Tshopo, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu, juu ni hadithi yetu yenye vazi lingine. Ku koltan, mnunuzi anaelekeza ile mashini sawa vile bastola, anasoma asilimia ya tantale, anakuambia 22. Ilikuwa 22 ao 30? Mashini inaangalia upande wake. Ku dhahabu, watu wamepima kwa vijiti vya kiberiti na vipande vya makuta ya zamani. Tola inapaswa kuwa gramu 11,66, lakini mizani ni ya nani? Ku almasi ni taa. Kila madini ina chombo chake, na kila chombo kiko mfuko wa mtu mmoja.

Sisemi kila négociant ni mwizi. Naye anashushwa na comptoir, comptoir inashushwa na wa inje, na kila mmoja anarudisha mzigo kwa aliye chini yake. Wa mwisho mu mstari ni yule mwenye amesimama ndani ya maji. Yeye hana wa kurudishia, isipokuwa bibi yake na watoto.

Kwa hiyo mambo tunadai si makubwa. Kila kooperative iwe na mizani yake, taa ya kweli na lupe ya kukuza mara 10. Vyombo vile vyote vinagharimu chini ya michango ya mwezi mmoja ya kundi lenye watu wengi. SAEMAPE, yenye kazi yake ni kusaidia wachimbaji wadogo, ifundishe vijana wawili wawili ku kila chimbo kusoma vyombo vile. Bei ya wiki iandikwe ku ubao ku mlango wa chimbo. Na négociant akikata bei, aandike sababu ku karatasi: uzito, ufa, doa, rangi, mwanga, na asilimia ya kila moja. Mwenye haki hataogopa kuandika.

Sendika haiwezi kubadilisha soko la Anvers wala la Dubai. Inaweza kufanya kitu kidogo chenye faida: kuhakikisha mchimbaji hakubali punguzo lenye haelewi. Siku mtu atamulikia jiwe lako na kusema «linawaka sana, nitakupa nusu», muulize kwa heshima: «Papa, ni jiwe la viwanda ao la pete? Rangi yake ni gani? Ukungu uko wapi, tuende inje ku jua unionyeshe.» Akijibu vizuri, zungumzeni bei. Akikasirika, funga karatasi yako, rudi nayo ku kooperative.